Mbwa Aliyejua Kijerumani

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni aliyetufikia Jumamosi moja ya mwezi wa Mei 2025 hakumponya mtu. Katika dakika tano za kwanza alimfukuza Mama kutoka jikoni mwake, na Mama hakurudi humo mpaka giza lilipoingia na mgeni akafungwa kamba chini ya mparachichi.

Naomba nisimulie taratibu, msomaji mpenzi, kwa maana wenzangu wa kidato cha tatu wamekwisha kuipotoa hadithi hii kwenye foleni ya githeri, hata ikasemekana ati kwetu tunafuga simba. Si simba. Ni mbwa, jina lake Arko, mbwa mchungaji wa Kijerumani, wale ambao huku kwetu tunawaita jamani shepadi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka sita. Masikio yamesimama wima kama ya sungura, mgongo mweusi, kifua rangi ya chai ya maziwa, na macho yanayokutazama kana kwamba unadaiwa.

Aliletwa na Shangazi. Sisi tunaishi Limuru, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huficha mashamba ya majani chai mpaka mtu wa shule ya kutwa akafika darasani amelowa bila mvua kunyesha. Shangazi alikuwa amefanya kazi ya nyumbani huko Tigoni kwa miaka tisa, kwa mzee mmoja Mjerumani. Mzee huyo aliporudi kwao kwa ajili ya matibabu, mbwa hakuweza kwenda naye. Nyonga zake zilikuwa zimeanza kuuma, na safari ya ndege ingekuwa ndefu kwake. Shangazi naye anaishi katika chumba kimoja cha kupanga ambacho hata paka akijinyosha mkia unatoka nje. Basi akatuletea sisi, kwa pikapu ya kuazima, pamoja na ukanda wa ngozi, mfuko wa biskuti za mbwa, kijitabu chenye mihuri na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mtunzeni," akasema. "Huyu ni mbwa msomi."

Kumbe hakutia chumvi. Kile kijitabu kilikuwa cha mashindano. Arko aliwahi kushiriki huko Ujerumani katika mchezo wa mbwa ambao kwa miaka mingi uliitwa Schutzhund, na tangu 2019 unaitwa IGP. Una sehemu tatu. Kwanza mbwa hufuata kwa pua nyayo za mtu aliyepita shambani, pili huonyesha utiifu, na tatu hupimwa katika ulinzi. Kila sehemu ina alama 100. Arko alikuwa na 274 kati ya 300. Mimi sijawahi kupata alama za namna hiyo hata katika Insha, na mwalimu wangu anayesoma gazeti hili ni shahidi.

Asili ya mchezo huo nilikuja kuisoma baadaye. Mnamo 1899 afisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa wa kuchunga kondoo, akampa jina la Horand von Grafrath, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha kuitunza mbegu hiyo. Aliogopa kwamba kazi ya kuchunga ikipungua, mbwa hawa watabaki pambo tu la kutazamwa. Ndipo yeye na wenzake wakawabunia mitihani. Kwa hiyo, ndugu zanguni, tusidhani ni sisi peke yetu tunaosumbuliwa na mitihani.

Lakini mwenye cheti kikubwa huenda hajui hata kuchemsha maji. Arko alijua kuruka kiunzi, kutafuta, kubweka kwa zamu na kutembea ubavuni mwa mtu bila kupotea hata hatua. Kitu kimoja hakukijua, nacho ni kukaa bure. Alizunguka boma kutwa kucha, akakanyaga njia mpaka nyasi zikafa. Ukisimama, anasimama. Ukikohoa, anakutazama usoni akingoja amri. Usiku aliketi akielekea barabarani, na kila gari lenye mngurumo kama wa lile la mzee lilipopita, alisimama wima. Likishapita, anaketi tena. Halii wala habweki. Heri angelia.

Siku ile ya kwanza tulimtandikia gunia la kulalia. Alilikamata kwa meno, akalitikisa, akalirarua vipande mbele yetu huku mkia ukipunga. Tukadhani ni majivuno ya mbwa wa tajiri. Ningalijua maana ya gunia kwake, ningaliepuka mengi.

Kuhusu Mama niseme ukweli, kwa kuwa watu walimcheka. Mama aliumwa na mbwa akiwa msichana mdogo, akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, na kovu analo mguuni mpaka leo. Arko alipochungulia jikoni, Mama aliinua mwiko kumfukuza kama afukuzavyo kuku. Arko akajitupa mbele yake, akasimama hatua moja tu kutoka magotini pake, akabweka mfululizo kama bunduki ya rashasha, bila kumgusa. Mama akatokea dirishani. Naapa, dirishani!

Juma la kwanza na la pili yalipita kwa shida ndogo ndogo. Biskuti tulizichanganya na ugali wa omena, leo kiganja, kesho viganja viwili, ili tumbo lisimvurugike. Mwisho wa juma la tatu akawa anakula ugali kama sisi. Nikaanza kujisifu shuleni. Na mimi ndimi niliyemfungua kamba Jumamosi ile ya Juni, bila kumwuliza mtu, eti amezoea.

Kulikuwa na manyunyu. Jirani yetu, mzee wa makamo ya babu yangu, alikatiza bomani mwetu kama afanyavyo siku zote akitoka kupeleka maziwa. Begani alikuwa na gunia jipya la kujikinga mvua, ncha yake ameizungushia mkononi. Arko alikuwa kando yangu. Kufumba na kufumbua hakuwepo. Nilisikia tu upepo, kisha ukelele wa mzee. Arko alikuwa amelidaka gunia pale mkononi na analivuta kwa nguvu zake zote. Mzee naye, badala ya kuliachilia, akalivuta! Alikuwa amelinunua jana yake, nadhani hilo ndilo lililompa ujasiri.

"Acha! Acha!" nilipiga kelele. Mama akapiga kelele. Mdogo wangu akalia. Arko hakusikia neno. Miguu yangu ilitetemeka kama unyasi nyikani, na kichwa kikawa kitupu kama debe. Ndipo nikakumbuka ile karatasi. Shangazi hajui Kijerumani, lakini kwa miaka mitatu tangu Arko aletwe nchini alimsikia mzee akimwamuru, akaandika jinsi masikio yake yalivyosikia: Zitsi, kaa. Platsi, lala. Fusi, tembea kando. Hia, njoo. Na la mwisho, lililopigiwa mstari mara mbili.

"Ausi!"

Meno yakafunguka papo hapo. Mzee akaanguka kwa matako na gunia lake. Arko akaketi mbele yake, macho kwenye gunia, mkia ukifagia tope, kama mtoto anayengoja peremende.

Ngozi ya mzee haikuguswa hata na jino moja. Hata hivyo Mama, akiwa na yake moyoni, alimshika mkono mzee wa watu, akamwosha kwa sabuni na maji ya mfereji dakika 15 kwa saa ya ukutani. Nilikimbia kuleta kadi ya chanjo, na bahati nzuri ilikuwa ya mwaka huo. Mzee alitazama kadi, akatazama gunia lenye matundu manne.

"Karatasi hainifungi mimi mkono ukikatika," akasema. "Mbwa huyu auawe."

Jioni Baba alinipa hukumu. Alikuwa mtulivu, na Baba akiwa mtulivu ni vibaya zaidi. Kuna kampuni ya mabawabu mjini ambayo ingemchukua, alisema. Atafanya kazi ya usiku getini. "Si ndiyo kazi aliyofundishwa?"

"Baba, hakufundishwa hivyo."

"Wewe umejuaje?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba sikumwona Arko amekasirika. Nikamwomba muda mpaka shule zifungwe. Alinyamaza, akamaliza chai yake.

"Mpaka mwanzo wa Agosti," akasema. "Akikamata hata leso ya mtu kabla ya hapo, usinililie."

Siku iliyofuata nilifunga safari kwa miguu mpaka kwa Shangazi. Nilimwuliza yale ambayo tulipaswa kumwuliza siku ya kwanza: alilala wapi, alifanya nini asubuhi, alicheza mchezo gani. Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu niliposimulia habari ya gunia. Kumbe katika ule mtihani wa ulinzi, mtu mmoja huvaa mkono mnene uliofunikwa kitambaa cha katani, sawa na gunia, na kushika fimbo laini. Mbwa akimkuta amesimama kimya, sharti abweke mbele yake bila kumwuma. Mtu akikimbia au akimjia, mbwa aukamate ule mkono, na akiambiwa Ausi, auachilie. Na mara nyingi katika mazoezi, akifanya vyema, yule mtu huuvua mkono akampa aubebe. Ndiyo zawadi yake.

Basi nilirudi nyumbani nikihesabu makosa yetu njia nzima. Mama na mwiko wake alikuwa mtu mwenye fimbo aliyesimama kimya. Arko akabweka bila kumgusa, alama zote. Gunia la kulalia lilikuwa zawadi. Na mzee wetu alikuja na mkono wa mchezo, akauvuta kama mchezaji hodari. Arko alidhani hatimaye, baada ya majuma mengi ya upweke, mtu amekuja kucheza naye.

Kazi ikaanza. Kwanza lugha. Nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia. Akaniambia hiyo ni mada ya kidato cha nne lakini haidhuru, na akanieleza habari za Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula. Mbwa wake walianza kudondoka mate hata kabla ya kuonja chakula, kwa kusikia tu ishara iliyozoea kukitangulia. "Kwa hivyo," mwalimu akasema, "usiseme maneno mawili kwa pamoja. Tanguliza jipya, ngoja kidogo, ndipo ulete la zamani. Kilichotangulia ndicho kitakachokuwa habari."

Nilifanya hivyo kila asubuhi kabla ya shule na kila jioni. Kaa... Zitsi. Lala... Platsi. Akitii, kipande cha ugali mkavu. Siku ya tisa nilisema "Kaa," na kabla sijafungua mdomo tena alikuwa ameketi. Nilirukaruka kama mwehu.

Furaha haikudumu. Hatukukumbuka kwamba maneno hayo ndiyo tunayoishi nayo nyumbani. Mama akimwita kitinda mimba wetu, "Njoo hapa!" wanakuja wawili. Baba akisema mezani, "Kaa chini ule," Arko anaketi tisti kama askari. Usiku mmoja Mama aligomba, "Lala wewe!" na mdogo wangu hakulala, lakini Arko alianguka kifudifudi mlangoni kama aliyepigwa risasi. Baba alicheka, mara ya kwanza tangu Juni. Tukapatana tutangulize jina lake, na asiyeitwa asitii. Mpaka leo hutii asipoitwa. Mdogo wangu naye hatii hata akiitwa.

Matembezi nayo yalikuwa kioja. Katika mtihani wa nyayo mbwa hufunzwa kwamba akikuta kitu kilichoangushwa njiani, kipande cha ngozi, cha kitambaa au cha mti, alale chini mbele yake ili kumwonyesha bwana wake. Sasa mchukue mbwa huyo umpitishe katika njia yetu ya sokoni! Soli ya kiatu, analala. Kitambaa cha shati, analala. Njia ya dakika kumi tulitumia saa nzima, na mimi kila mara naokota takataka na kusema ahsante. Wanafunzi wenzangu walinikuta hivyo, ndipo jina la utani mnalolijua likaanza.

Gunia lilihitaji subira kuliko yote. Nilitundika gunia mwisho wa boma, mbali, nikampa chakula huku anaweza kuliona. Akilikodolea macho asisikie jina lake, narudi nyuma hatua kumi. Akinitazama mimi, anapata omena. Kila siku tulisogea kidogo. Katikati ya Julai nilidhani tumeshinda, akachomoka akalidaka gunia lililokuwa limeanikwa kwenye kamba na kuondoka nalo, na sweta yangu ya shule ikaburutwa humohumo. Bahati nzuri Baba hakuwepo. Mama aliona. Nilimtazama, akanitazama, akaenda kuichukua ile sweta akaifua bila kusema neno. Baba hajui mpaka leo, ila kama atasoma gazeti hili.

Lakini lililokuwa gumu kweli ni lile la kukaa bure. Hakuna amri yake. Ukimwambia mbwa huyu "pumzika," atalala chini akiwa ameiva kama uta, akingoja amri inayofuata. Nilitandika blanketi kuukuu nje kidogo ya mlango wa jikoni, nikamfunga kamba ndefu, nikaketi kando yake na kitabu cha Historia. Sikumtazama. Alipumua haraka, akasimama, akaketi, akalia kwa pua. Nilisoma. Baada ya muda mrefu alishusha pumzi kubwa, akaweka kidevu juu ya miguu. Nikadondosha kipande cha ugali mbele yake, kimya, bila kumsifu, kwa sababu ukimsifu anaruka tayari kwa kazi. Jioni ya kwanza alistahimili dakika mbili. Nilisoma sura nne za Historia mwezi huo, jambo ambalo lilimshangaza mwalimu wangu kuliko mimi.

Jioni moja nikiwa hapo, lile gari lenye mngurumo wa kufanana likapita. Arko akasimama, akatazama barabara mpaka sauti ikapotea. Mama alikuwa akikata sukuma wiki ndani.

"Huyu anangoja mtu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Hakuongeza neno. Lakini niliporudi shuleni kesho yake, lile blanketi lilikuwa limesogezwa ndani ya mlango, mahali ambapo joto la jiko hufika. Nilimwuliza nani amelisogeza. Akasema nyonga za mbwa mzee hazipendi baridi ya Limuru, ati Shangazi alimwambia.

Agosti ilifika ikapita. Baba hakulitaja jambo lile, nami sikumkumbusha; mjinga si mimi. Magari yaliendelea kupita. Sijui ni lini hasa Arko aliacha kusimama.

Juma la pili la Oktoba mvua ya vuli iliyokuwa imetishia kutwa ikamwagika jioni. Nilikuwa mezani na daftari, mdogo wangu akichokora meza kwa kalamu, Mama akisonga ugali. Arko alikuwa amejinyosha ubavu mlangoni, miguu yote minne upande mmoja, akikoroma. Kupitia mlangoni nikamwona mzee jirani akija mbio, gunia kichwani, ncha zikipeperuka. Hakuwa amekatiza bomani mwetu tangu Juni. Nadhani mvua ilimsahaulisha.

Arko aliinua kichwa. Alilitazama gunia. Mkono wangu ulianza kutafuta kamba, nikakumbuka kwamba hakufungwa. Akageuka akanitazama mimi. Neno halikunitoka, si la Kiswahili wala la Kijerumani.

"Lala," akasema Mama, mwiko mkononi, bila kugeuka. Sijui alikuwa akimwambia nani.

Arko akashusha kichwa, akashusha pumzi.

Mzee alisimama chini ya upenu, maji yakimchuruzika, akamtazama kwa muda.

"Kwani huyu siku hizi amezeeka?"

"Hapana, Babu," nikamjibu. "Amepumzika tu."

"Karibu ndani, Mzee, utapatwa na homa," akasema Mama. Kisha akaepua sufuria, akaja nayo mpaka mlangoni, akamkuta Arko ameziba njia. Hakumwambia asogee. Akainua sketi kidogo, akamruka, akaenda kumwaga maji.